Datsun ya Mjomba na Njia ya Kaole

Kitabu cha kwanza nilichokifasiri maishani mwangu hakikuwa diwani wala riwaya. Kilikuwa kijitabu cha maelekezo ya gari, chenye jalada lililoliwa na mende, kilichokuja pamoja na Datsun 120Y ya mjomba wangu. Mwaka ulikuwa 1981, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mjomba alijua kuifungua injini ile na kuifunga tena akiwa amefumba macho, lakini Kiingereza hakukijua, na alitaka kuhakikisha kwamba waliyoyaandika Wajapani hayapingani na aliyoyajua yeye.

Mama yangu alikuwa mzaliwa wa Kaole, kijiji kilichopo kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo. Aliolewa Unguja, akazaa Unguja, na hata uzeeni aliizungumza lugha yetu ya mjini kwa lafudhi ya Mrima. Kila ilipofika likizo ya skuli tulipanda meli hadi Dar es Salaam, na pale gatini tulimkuta kaka yake amesimama kando ya gari yake ya rangi ya manjano, ile yenye mlango wa nyuma na kiti kinacholala ili mzigo upite. Watoto wa Kaole waliipa jina la Bizari, na jina hilo halikuiacha tena.

Basi nikakaa barazani na kamusi ya Johnson, ile iliyochapwa mwaka 1939, niliyoazimwa na mwalimu wangu, nikaanza kukipekua kijitabu ukurasa baada ya ukurasa. Mara nyingi sikulipata neno nililolitafuta. Kila nilipokwama nilimweleza mjomba kazi ya kifaa kile, naye akanipa jina lake papo hapo: plagi, klachi, kabureta, rejeta, shokomzoba. Nilimuuliza kama haya ni maneno ya Kiswahili kweli, maana sikuyaona katika kitabu. Akacheka.

"Mjomba," akaniambia, kwani mimi na yeye tuliitana hivyo sote wawili, "kitu nilichokwisha kukitengeneza kwa mkono wangu hakikosi jina. Kitabu chako ndicho kilichochelewa."

Tangu siku ile nimefasiri mengi, na sikupata kusomea kazi hii popote, ila sijapata mwalimu aliyeniweka sawa kwa maneno machache kuliko hayo.

Mjomba hakuichagua Datsun kwa kubahatisha. Katika ujana wake alikuwa mfuatiliaji mkubwa wa mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na ambazo katika miaka yake ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walitoka wa kwanza kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata Herrmann akarudia kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye pia kwa 240Z. Joginder Singh wa Kenya akaja na Mitsubishi Lancer akashinda mwaka 1974 na 1976, na Mehta akarudi kushinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kila mara kwa Datsun. Mjomba aliyajua haya kama mtu ajuavyo nasaba ya ukoo wake. Alikuwa akisema kwamba gari iliyokwisha kuonja matope yetu haihitaji kuelezwa habari zake na muuzaji.

Aliinunua mwaka 1977 kutoka kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Injini yake ilikuwa ndogo, ya ujazo wa sentimita 1,171, isiyofika hata lita moja na robo. Usukani wake ulikuwa kulia, kama zilivyo gari zote za Kijapani zilizotengenezwa kwa watu waendeshao kushoto kama sisi. Nyuma ilikalia springi za mapande, mfano wa zile za lori, na ukifungua boneti uliiona ardhi chini, kwa jinsi palivyokuwa na nafasi ya kuingiza mkono. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya gari zile za zamani, Datsun na Corolla na Land Cruiser za kizazi chake: hazikumficha mtu kitu.

Nayo miaka ile ilihitaji gari isiyoficha kitu. Bei ya mafuta ilipanda duniani, fedha za kigeni zikaadimika, na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 hata mpira wa breki ulitafutwa kama dawa. Palikuwa na amri ya kuzuia gari za binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa hiyo safari ya Kaole ilipangwa kwa saa kama safari ya chombo inavyopangwa kwa maji kujaa na kupwa. Tuliondoka Dar es Salaam baada ya sala ya alfajiri, ili mjomba aweze kurudi mjini kabla saa hiyo haijamkuta njiani.

Msomaji ambaye ameipita njia ile katika miaka ya karibuni huenda asiamini kuwa ni hiyo hiyo. Ukishaiacha Mwenge nyumba zilianza kupungua. Tegeta uliujua kwa vumbi jeupe la kiwanda cha saruji cha Wazo, na baada ya Bunju palikuwa na minazi, mikorosho na mashimo. Gari ilishuka taratibu hadi mto Mpiji, ikapanda tena, na kuanzia Mapinga, Kerege na Zinga wanawake walikaa kando ya njia na mafungu ya maembe, machungwa na madafu. Mjomba alimsalimu kila mmoja. Hakuweza kwenda mbio hata kama angetaka, na kwa sababu hiyo tuliwajua watu wa njia ile kwa nyuso zao, nao wakatujua. Mwenye fungu la maembe Kerege aliuliza habari za mama yangu kabla hajaona kama yumo garini. Kisha, karibu na mwisho wa safari, upepo ulibadilika, harufu ya mikoko ikaingia dirishani, na Mama akavua viatu. Hakutueleza kamwe kwa nini alivivua pale.

Kaole yenyewe wengi wanaijua kwa magofu yake. Pana msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, pana msikiti mwingine wa baadaye, na pana makaburi ya nguzo ambayo Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyachimbua na kuyaandika mwaka 1958. Ilikuwa bandari. Kisha mchanga na mikoko vikaisogelea, vyombo vikahamia Bagamoyo, na mji ukabaki na wafu wake. Wenyeji husema jina lenyewe limetokana na kauli ya Kizaramo ya kumwambia mtu nenda ukaone.

Nasi tulikwenda kuona. Mjomba alitupeleka kwenye nguzo za makaburi na kutuonyesha vishimo vya mviringo vilivyochongwa juu yake. Humo, alisema, wazee walipachika bakuli za Kichina, na nyingi zimebanduliwa au zimevunjika. Nilimuuliza kwa nini waliweka vyombo vya watu wengine juu ya makaburi yao. Akaniuliza nani aliyeniambia kuwa ni vya watu wengine. "Wameshanunua, wameshalia navyo," akasema. "Utamwambia nani virudi China?"

Sikulielewa jawabu hilo hadi Januari ya mwaka 1998.

Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka ile mvua ya El Niño iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuvuka mwaka. Mama alikuwa ameletwa Dar es Salaam kwa matibabu, akafariki huko alfajiri moja, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Wasia wake ulikuwa mfupi: azikwe Kaole, ubavuni mwa mama yake. Mzee mmoja wa mtaani alitukumbusha kwa upole kwamba bora ya maiti ni kuzikwa alipofia, na kwamba hakuna ajuaye njia ikoje. Mwenye gari kubwa aliyekuwa amekubali kutuchukua alisikia habari za njia akaghairi. Nilikuwa tayari kukubali azikwe mjini. Nakiri hivyo, kwani hadi leo naona haya kwa wepesi niliokuwa nao. Mjomba hakusema neno. Alitoka nje, akalaza kiti cha nyuma cha Bizari, akakifuta kwa kanzu yake.

Tuliondoka saa saba mchana. Mama alikuwa ameoshwa na kukafiniwa, amelazwa kwa mshazari, na juu ya sanda amefunikwa kanga yake moja. Mama mdogo na binti wa mjomba, aliyekuwa na miaka kumi na minne, walikaa chini kando yake wakisoma. Mimi nilikaa mbele. Hadi Tegeta tulikwenda vyema. Baada ya Bunju njia ilikuwa tope tupu, na maji ya Mpiji yalifika ukingoni, tukasubiri zaidi ya saa nzima mpaka mjomba aliporidhika kuvuka. Nilitazama saa yangu kila baada ya dakika chache. Yeye hakuitazama yake.

Tulipokaribia Mapinga sindano ya joto ilipanda. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Mkanda wa akiba haukuwepo, na katika mvua ile haikupita gari nyingine ambayo tungeweza kuiomba. Pasipo mkanda feni haigeuki, pampu ya maji haizunguki, na injini ya chuma hugeuka kuwa tanuri. Mjomba alifungua boneti, binti yake akasimama juu yake na mwavuli, na mimi nikasimama bila kazi. Alijaribu kamba, ikateleza. Akajaribu kitambaa cha kanzu, kikachanika. Kisha akanyamaza, akasogea dirishani kwa mama mdogo, akamtazama dada yake aliyelala.

Mama mdogo alielewa kabla hajaombwa. Aliinua kanga, akang'ata pindo lake kwa meno, akalichana kwa urefu wote. "Mwenyewe angekupa," alisema. "Tena angekugombeza kwa kuchelewa kuomba."

Mjomba alilisokota pindo lile kama usumba, akalipitisha kutoka puli ya injini hadi puli ya feni, akaiacha altaneta bila mkanda na kusema betri itatutosha mpaka jua kuzama. Akafunga fundo la mabaharia, fundo ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza. Tukajaza rejeta maji ya mtaroni. Gari ikawaka. Pindo la kwanza lilitufikisha Zinga, na la pili, lililochanwa upande wa pili wa kanga ile ile, likatufikisha Kaole.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi. Watu walikuwa wamechimba kaburi tangu adhuhuri wakayakumba maji ya mvua kila yalipojaa. Tulimsalia Mama, tukamzika dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, kisha tukafuturu kwa tende na madafu pale pale, mikono yetu ikiwa bado na udongo.

Mtoto wa skuli wa Bagamoyo hufundishwa jinsi Chuma na Susi na wenzao walivyoubeba mwili wa Livingstone kutoka bara, yeye aliyefariki mwaka 1873, hadi kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Sidai kwamba saa tano zetu zinalingana na miezi yao. Nasema tu kwamba niliposimama kaburini jioni ile nilijua, kwa mara ya kwanza, kwamba mwisho wa njia ile huenda watu walipajua kwa miguu na kwa mabega, na kwamba vitabu vimehifadhi jina la aliyebebwa kwa herufi kubwa kuliko ya wabebaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilifika. Safari ya nusu siku ikawa ya saa moja na kitu. Mjomba aliipita mara kadhaa na Bizari yake, akaisifu, kisha akaongeza: "Ila haina mazungumzo." Wenye maembe walikuwa wangalipo, lakini gari zilikwisha kuwapita kabla ya salamu kukamilika. Mwaka 2014 kipande cha Mwenge hadi Tegeta kilichopanuliwa kwa msaada wa Japani kikafunguliwa, na mjomba hakuwahi kukiona. Alifariki mwaka 2009. Datsun ikabaki chini ya mkorosho nyumbani kwake Kaole, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma.

Mwaka 2017 binti yake alinipigia simu Unguja. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, mwenye fedha na mapenzi ya gari za zamani, ameiona na anaitaka. Nilimwambia asiuze. Nilizungumza kwa muda mrefu juu ya kumbukumbu, juu ya mjomba na juu ya Mama, na nadhani nilitumia hata neno urithi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kaka," akasema, "wewe unataka kaburi la gari. Mimi nyumba yangu inavuja. Mvua ikinyesha, wewe upo Unguja unaandika."

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimeiweka ile gari katika mashairi mara tatu na sikupata kununua hata bati moja la nyumba iliyoitunza. Akaiuza, na alifanya haki.

Mwaka uliofuata yule kijana alinitafuta. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyefasiri kile kijitabu, ambacho alikikuta ndani pamoja na karatasi zangu za kitoto, akataka nipande naye gari yake hadi Kaole. Nilikwenda kwa shingo upande. Bizari ilikuwa imepakwa rangi upya, manjano ile ile, viti vimeshonwa, injini inanong'ona. Aliiendesha polepole kwa kuiogopea, na kwa kuwa polepole, pale Kerege tuliweza kuwaona watu. Mzee mmoja mwenye machungwa alisimama akapunga mkono. Sijui alimpungia nani, gari au aliyekuwa akiiendesha zamani. Upepo ulipobadilika nilitazama miguu yangu, nikavua viatu. Kijana hakuniuliza.

Njiani nilimuuliza kama alikuta ndani ya kisanduku cha mbele tambara lenye fundo, lililoiva kwa oili. Mjomba alikuwa akiliweka humo. Kijana alifikiri kwa uaminifu.

"Mzee wangu, matambara yalikuwa mengi sana," akasema. "Mafundi waliyachoma yote."

Alipoona uso wangu aliomba radhi bila kujua kosa lake, nami nikamwambia hana kosa, kwani kweli hakuwa nalo. Tulipitia magofuni kwanza. Nilizitazama zile nguzo na vishimo vyake vitupu, nikakumbuka jawabu la mjomba, na safari hii sikuwa na swali.

Nyumbani tulimkuta binamu yangu mlangoni, juu yake bati jipya. Aliizunguka gari mara moja, akaisifu rangi, kisha akamwambia kijana afungue boneti. Akaanza kumsimulia habari za mvua, za Mapinga na za kanga ya shangazi yake. Kijana yule, aliyezijua skurubu zote za gari ile kwa hesabu, hakuwa amelisikia jambo hilo. Alimwomba amwonyeshe ni wapi.

Binamu yangu alivua bangili zake, akanikabidhi nizishike, akaingiza mkono.

"Lilianzia hapa," akasema, akipitisha kidole juu ya mkanda mpya wa mpira. "Likapanda hivi. Likazunguka hapa. Na fundo Baba alilifunga upande huu, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama hapo ulipo, na maji ya mwavuli yalikuwa yakimdondokea mkononi."

Kijana akasogea, akasimama pale pale alipoonyeshwa.